Moshi wa Mekoni na Kifua cha Mtoto



Siku moja tulipokuwa tukitoka darasani, mama mmoja alituzuia njiani, akasema, "Mwalimu, nina neno." Tukamwambia, "Sema, mama." Akasema, "Mtoto wangu akishinda nami shambani hucheza vizuri, wala huoni ugonjwa. Lakini jioni akikaa nami mekoni, kifua chake huanza kulia kama filimbi, na usiku halali, hukaa kitako akitafuta pumzi. Majirani wasema nimhamishe, kwa kuwa nyumba yetu imeingiwa na jicho baya. Nawe wasemaje?"

Hatukumjibu upesi, maana neno lake lilituchoma. Sisi wenyewe tulikuwa na mtoto wa namna hiyo, wala hatukuyajua haya tutakayoyaandika hapa mpaka tulipokuwa karibu kumpoteza.

Basi kwanza na tuutaje ugonjwa kwa jina lake. Ni pumu. Si jicho baya, wala si ulegevu wa mtoto, wala haiambukizi kama kifua kikuu. Wazee wetu walikuwa na neno jema, nalo ni mzio: chakula ambacho mtu akila humdhuru, naye hujizuia nacho, hali ndugu yake hukila chakula kile kile akashiba asipate neno. Madaktari wa siku hizi wamelitwaa neno hilo, wakalipanua. Mwili wa mwenye mzio hukiona kitu kisicho na ubaya, kama unga wa maua au vumbi la godoro, ukakidhani kuwa ni adui, ukaondoka kupigana nacho. Vita hivyo vikipiganwa puani, mtu hupiga chafya, hutokwa na kamasi, na macho humwasha. Vikipiganwa chini zaidi, katika mirija ya hewa iliyo kifuani, ndipo huja pumu. Si pumu yote itokanayo na mzio. Lakini kwa watoto mara nyingi mambo hayo mawili huandamana.

Mnajua mwanzi wa kupulizia moto. Ukiwa mpana na mkavu, pumzi hupita bila shida. Sasa mfikirie mtu aliyeufunga kamba kwa nje akaikaza, akaupaka matope kwa ndani mpaka tundu likawa dogo, kisha akamimina uji mzito ndani yake. Ndivyo ilivyo mirija ya mwenye pumu ugonjwa unapomshika: nyama zake hujikaza, ngozi ya ndani huvimba, na ute mzito huiziba. Tena kutoa pumzi humwia vigumu kuliko kuivuta, na ile sauti ya filimbi ni hewa inayolazimishwa kupita penye wembamba. Wala ugonjwa huu si wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo; na wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za uchumi mdogo, ambako ugonjwa haukutambuliwa mapema au dawa haikupatikana.

Sasa tuingie mekoni.

Katika nyumba nyingi za huku mlimani mafiga ni matatu, moto u katikati, na dirisha ni dogo au halipo. Juu ya moto kuna dari, na juu ya dari kuna mahindi. Moshi hupanda, hukausha mahindi, huwafukuza wadudu, kisha hutafuta njia yake mwenyewe katika majani au mabati. Bibi zetu hawakufanya hivi kwa ujinga. Ulikuwa ufundi: moto mmoja ulipika, uliota, uliangaza na ulihifadhi chakula cha mwaka. Nasi twasema haya kwa heshima, kwa kuwa tumelelewa katika moshi huo huo, na hata leo harufu yake hutukumbusha nyumbani.

Lakini moshi una chembe ndani yake, na zilizo mbaya kuliko zote ni zile tusizoziona. Chembe ambazo wataalamu huzipima hazizidi mikromita 2.5 kwa upana, yaani ukitwaa unywele mmoja wa kichwani, ungehitaji chembe kama 30 kuzipanga toka upande mmoja hata wa pili. Kwa udogo huo hazizuiliwi na pua wala koo. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo mwaka 2021, kwamba kwa siku moja hewa isizidi mikrogramu 15 za chembe hizo katika kila mita moja ya ujazo, na kwa wastani wa mwaka isizidi 5. Shirika hilo hilo lasema kwamba katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, moshi wa moto wa kuni waweza kufikisha chembe hizo mara 100 kuliko kiasi kinachofaa. Ni nani anayeinama penye moshi ule? Ni mama. Na ni nani aliye mgongoni mwake, au ameketi kwenye kigoda kando yake akingoja kiazi? Mwenye nyumba yuko nje akizungumza na wageni. Nasi hatujitoi katika shutuma hiyo.

Binti yetu alianza kukohoa usiku akiwa na miaka minne. Tulisema ni mafua ya baridi. Ukaja mwezi wa saba, baridi ya Meru ikashuka kama ijuavyo kushuka, nasi tukafunga mlango na dirisha, tukamweka karibu na moto apate joto. Usiku ule kifua kilipombana, tulifanya kama tulivyofanyiwa sisi utotoni: tukachuma majani ya mkaratusi, tukayatia juu ya makaa, tukamfunika blanketi ili avute mvuke na moshi wake. Tulidhani twamtibu, kumbe twamziba. Baada ya kitambo kidogo hakuweza tena kulia. Midomo yake iligeuka rangi, na ngozi katikati ya mbavu ikawa inabonyea ndani kila alipovuta pumzi. Jirani mwenye gari alituchukua kwa mwendo ambao hatungependa kuuona tena katika barabara ile. Hospitalini wakamvisha kifuniko cha dawa usoni, na baada ya saa moja hivi alifumbua macho akaomba maji.

Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alituuliza, "Mwalimu, huyu mtoto hulala chumba gani? Nanyi mwapikia nini?" Tulipomweleza habari ya majani na makaa, hakutukemea. Alisema tu, "Baba, kifua kilichovimba hakitaki moshi, hata ukiwa ni moshi wa dawa." Tuliona haya, maana sisi ndio tuwafundishao wengine.

Kwa hiyo twawaomba, ikiwa mtoto ashindwa kumaliza sentensi kwa sababu ya pumzi, au mbavu zabonyea, au midomo yageuka rangi, au asinzia na kulegea katikati ya kuhema, msingoje kupambazuke, wala msianze kutafuta majani. Nendeni. Kikohozi kinachopita majuma mawili nacho kisiitwe pumu bila kupimwa, kwa maana huenda kikawa kifua kikuu, ambacho dawa yake ni nyingine kabisa.

Kuhusu dawa ya pumu kuna uvumi mbaya ambao tumeusikia misibani na sokoni, kwamba ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, iitwayo inhela, ni dawa ya watu waliokwisha kufika mwisho, na kwamba ukiianza huwezi kuiacha. Si kweli. Inhela huipeleka dawa pale pale penye ugonjwa, kwa kiasi kidogo kuliko kidonge. Nazo ni za namna mbili. Moja hufungua mirija upesi wakati wa kubanwa, kama salbutamoli. Nyingine hutuliza uvimbe polepole, hutumiwa kila siku hata kama mtu ajiona mzima, kama beklometasoni. Wengi wetu huipenda ile ya kwanza kwa sababu twaona kazi yake mara moja, na ile ya pili huachwa kabatini. Ni kama mtu anayefuta maji sakafuni kila mvua inyeshapo, asipande juu kuziba bati. Mwaka 2019 washauri wa pumu wa dunia walitamka wazi kwamba watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi wasitibiwe kwa ile ya kufungua peke yake.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa sawasawa na kubonyeza kikopo. Dawa nyingi huishia ulimini. Hospitalini hutumia chombo cha kati kilicho kama chupa, ambacho bei yake huwashinda wengi. Lakini mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuenea mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni, yaweza kufanya kazi hiyo: mtoto huweka mdomo wake penye shingo ya chupa akapumua taratibu. Mwombeni muuguzi awaonyeshe jinsi ya kuitengeneza. Sisi twatumia chupa hiyo nyumbani, na mtoto wetu huiita tarumbeta.

Labda mtu atasema, "Sisi wa mjini twapika kwa gesi, habari hii haituhusu." Na ashuke Sanawari alfajiri ya mwezi wa sita, atazame chini. Ataona moshi umelala juu ya mji, hauendi huku wala huku. Sababu yake ni hii: usiku hewa ya baridi ni nzito, hutelemka kutoka mlimani ikajikusanya mabondeni, na hewa yenye joto zaidi hukaa juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi wa mikaa, wa magari na wa takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba hukaa chini ya kifuniko hicho mpaka jua liupate nguvu. Watoto waendao shule hupita humo humo. Na mwenye kuchoma matairi na mifuko ya plastiki alfajiri ili asionwe na watu, hakika ameichagua saa mbaya kuliko zote.

Moshi wa magari ya dizeli una jambo lake la ziada. Chembe zake huichokoza ngozi ya ndani ya pua na mirija, hata unga wa maua au vumbi ambalo mtu angelivumilia, likija pamoja na chembe hizo lamshinda. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2015 dizeli isiwe na salfa zaidi ya sehemu 50 katika milioni, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini gari kuukuu lisilotunzwa hutoa moshi mweusi hata likinyweshwa mafuta safi. Huko Kenya, wataalamu waliwapima watoto wa shule kwa kuwakimbiza, kisha wakaangalia pumzi zao, wakachapisha habari zao mwaka 1998. Katika Nairobi watoto 23 hivi katika kila 100 walibanwa kifua. Katika Murang'a, shamba, walikuwa 13 hivi. Na huko London, mtoto wa kike aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekaa karibu na barabara kubwa, alifariki kwa pumu mwaka 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake hakuchoka kuuliza kwa nini, na mwezi wa Desemba 2020 mwamuzi wa vifo aliandika kwamba uchafu wa hewa ulikuwa miongoni mwa sababu za kifo chake. Hakuna mtu katika Uingereza aliyekuwa ameandikiwa hivyo kabla yake. Tulipoisoma habari ile tulimkumbuka yule mama aliyetuzuia njiani. Swali lao lilikuwa moja.

Hapa twapenda kuitetea mijakaranda. Kila Oktoba ichanuapo zambarau mitaani, watu hupiga chafya wakaisingizia. Unga wa maua yake hubebwa na nyuki, hausafiri sana kwa upepo. Wasumbufu hasa ni nyasi, ambazo unga wake ni mwepesi na huruka mbali, na vumbi lenyewe, ambalo kwetu ni laini mno kwa kuwa udongo wa Meru umetokana na majivu ya volkeno. Ndani ya nyumba kuna utitiri wa vumbi katika magodoro na mablanketi, tena mende na paka. Kuanika matandiko juani na kuyafua kwa maji ya moto ni kazi isiyohitaji fedha nyingi. Tena kwa kuwa sisi ni wakulima wa kahawa, na tuseme hili kwa kupita: kikombe cha kahawa nzito hufungua mirija kidogo kwa saa chache. Wameru tumekuza kahawa miaka mingi tukaiuza yote tukanywa chai! Lakini kahawa si badala ya dawa, wala si ya watoto.

Tufanyeje basi na moto wetu? Tusidanganyane kwamba jiko lo lote jipya latosha. Huko Malawi, katika Chikwawa na Chilumba, watoto zaidi ya 10,000 walifuatwa miaka miwili. Nyumba nyingine zilipewa majiko yanayopunguza moshi, nyingine ziliendelea na mafiga. Habari zilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2016, homa ya mapafu ilikuwa sawa pande zote mbili. Kwa maana jiko lilipunguza moshi mmoja, ukabaki moshi wa jirani, wa takataka, wa tumbaku na wa taa. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuuondoa moshi wote, na mwenye uwezo wa gesi au umeme asiufanye kuwa wa wageni tu. Mwezi wa Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034.

Kwetu mlimani, ambako ng'ombe hufungwa zizini na kukatiwa majani, kuna njia nyingine ambayo twaona imesahauliwa. Mavi ya ng'ombe wawili au watatu, yakichanganywa na maji na kufungiwa katika shimo lililojengwa, hutoa gesi ya kupikia ugali na maharage ya nyumba, na masalia yake ni mbolea njema kwa migomba. Si habari ya kutoka mbali: hapa hapa Arusha kipo kituo cha serikali cha ufundi wa vijijini kiitwacho CAMARTEC, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kimewajengea watu mitambo hiyo tangu miaka ile ya 1980. Ni gharama kuanza, hatukatai. Watu wa ukoo wakikopeshana kama wakopeshanavyo kwa ajili ya mahari, yawezekana.

Na asiye na ng'ombe wala gesi? Aanze na aliyo nayo: kuni zilizokauka kabisa, maana kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi, maharage yaliyolowekwa usiku na sufuria yenye kifuniko, ili moto uwake muda mfupi, madirisha mawili yanayoelekeana, na mtoto mwenye pumu akae chumba kingine wakati wa kupika. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mwa kulala kwa sababu ya baridi, hata likionekana halina moshi. Lina hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huwaua watu usingizini.

Nyumbani kwetu shida haikuwa dirisha, ilikuwa mahindi. Tulipotaka kutoboa ukuta wa meko, bibi ya mtoto alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, ukiutoa moshi, dumuzi watakula nini? Watakula chakula cha mjukuu wangu huyo huyo unayemtetea." Hakukosea, kwa maana dumuzi hugeuza gunia kuwa unga kwa miezi michache. Tulishindana majuma mawili. Mwishowe tukapatana hivi: nusu ya mahindi yabaki darini kama desturi, na nusu tuyaanike juani mpaka yakauke sawasawa, kisha tuyatie katika ile mifuko isiyopitisha hewa iuzwayo madukani mwa pembejeo, ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi. Dirisha likatobolewa upande wa juu na upande wa chini.

Mwezi wa pili bibi alifungua mfuko mmoja mwenyewe, bila kutuita. Akatia mkono mpaka kiwikoni, akatoa konzi ya mahindi, akayageuza geuza juani, akauma punje moja. Kisha akamwita mjukuu wake amletee ungo, naye binti yetu akaja mbio toka bondeni, akifunga mdomo, akipumua kwa pua.